Bakuli la Bi Tausi

Shangazi Mwajabu alininyooshea kidole cha shahada huku ameangalia pembeni. Kisomo nilichokishika hakikumtisha. Alikuwa amenuna kwa sababu nilikuwa nimekataa uji wake, na kwa shangazi yangu kukataa uji ni kosa linalokaribia kukana ukoo.

"Kaa kwanza unywe," alisema. "Hiyo mashine haina miguu ya kukimbia."

"Shangazi, unajua siruhusiwi kula kwa mtu ninayemhakiki."

"Haya. Siku hizi mtu haruhusiwi kunywa uji kwa shangazi yake. Soma basi, usome, uende zako."

Nikakibana kisomo kwenye kidole chake. Ni kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na kazi yake ni moja tu. Unga wa hewa, ule unaotengenezwa kwenye matangi ya bondeni kwa jua, hewa na vijidudu visivyochoka, hutiwa alama kabla kidege kisicho na rubani hakijauleta na kuumimina kwenye pipa la mhusika. Kila pipa lina alama yake. Haina ladha, haina madhara. Ukiula ule unga, alama inaingia kwenye damu na kukaa siku arobaini, na kisomo kinaiona kupitia ngozi. Hivyo ndivyo serikali inavyojua nani kala cha nani.

Kisomo kikalia mara moja. Taa ya njano.

"Nusu," nikasema. "Shangazi, pipa lako linaisha kila wiki. Unga unatoka wote. Mwilini mwako naona nusu tu."

"Nimezeeka. Mzee hali kama punda."

"Kama huli, unga ungebaki kwenye pipa."

"Basi labda mashine yako nayo ina njaa." Akakivuta kidole chake, akakifuta kwenye khanga kama kilichoguswa na kitu kichafu.

Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na raha. Unga ukipotea mara tatu mfululizo taa ya njano huwaka, na ikishawaka hakuna mhakiki anayeweza kuizima. Nilikuwa na siku tatu za kuandika jina la aliyekula ile nusu nyingine. Nisipoandika, pipa la shangazi linafungwa miezi sita, na katika Kondoa ya siku hizi, kwa jua hili, miezi sita bila pipa kwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja si adhabu, ni kaburi. Nikiandika, mlaji anabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata: fulani amekula chakula kisicho chake.

Watu husema sisi wahakiki tuna roho za chuma. Waseme. Mimi, Sikudhani, nilikuwa na miaka tisa ukame mkubwa ulipotupiga, na nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Ramla, mwenye miaka minne na meno yaliyopishana mbele. Chakula cha msaada kilikuja. Magunia tuliyaona kwa macho yetu, yameandikwa HAUUZWI kwa herufi nyekundu, yamepangwa dukani yanauzwa. Ramla alikufa siku ya Alhamisi. Kwa hiyo mtu akiniambia alama ni udhalilishaji, namsikiliza, namwelewa, na bado naingia kazini kesho yake. Alama ingekuwepo enzi zile, leo ningekuwa na mdogo wangu.

Nilipoaga, shangazi alisema maneno yake ya siku zote, kwa sauti ya kunisindikiza mpaka barabarani. "Nenda ukawaambie hicho si sadaka! Nimelima ufuta miaka arobaini, na kila gunia walikata ushuru. Wananirudishia changu, na wananirudishia kwa kijiko!"

*

Kesho yake nilirudi saa saba mchana, nikapitia nyuma, palipo na banda la kuku, bila kubisha hodi. Najua ni utovu wa adabu. Nilikuwa kazini.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye ua wa mabua unaotenga uwanja wake na wa jirani, ameshika bakuli la bati la buluu lenye maua, lililochubuka ukingoni. Ugali ulikuwa unatoa moshi.

"We Tausi!" aliita.

"Abee!"

"Pokea, mwenzangu. Yule kaka yangu wa Kiteto kaniletea tena uwele. Amezidi, mimi peke yangu nitaumaliza lini?"

Mkono mwembamba wenye bangili moja ukatokea juu ya mabua, ukapokea. Shangazi akaenda kuketi kwenye mkeka wake, akasema bismillahi kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, akaanza kula. Nusu saa baadaye bakuli likarudi juu ya ua. Ndani yake mlikuwa na majani ya mlenda, fungu dogo la kuenea kwenye kiganja, yamefungwa kwa unyuzi wa mgomba. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa, unatia hata chumvi.

Nikajitokeza. Shangazi alinitazama kama mtoto aliyefumwa kwenye chungu cha asali, kisha akaweka kidole mdomoni na kunivuta ndani kwa nguvu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mfungo wa mwaka jana. Punguza sauti."

"Kaka gani wa Kiteto? Baba yangu ndiye aliyekuwa kaka yako wa pekee, na yuko makaburini."

"Ndiyo maana nasema punguza sauti! Hajui. Akijua ni unga wa serikali, hatakula. Na asipokula atakufa, Siku. Hana pipa, hana shamba, mwanawe kapotelea machimboni. Anakula hicho ninachompa na majani anayochuma mtoni. Sasa kaandike. Kaandike jina lake ubaoni, umuue kwa mkono wako."

Nilijua alichokuwa anakisema.

Mume wa Bi Tausi, Mzee Isa, ndiye aliyekuwa mtunza ghala la msaada mwaka ule wa ukame. Magunia yalipopotea, jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa kata: mwizi wa chakula. Watu walimtemea mate njiani. Mama yangu, wiki aliyomzika Ramla, alikwenda kusimama mlangoni kwake akamlaani mbele ya mtaa mzima, nami nimeshika khanga yake. Baadaye ikaja kujulikana kwamba walioiba ni wengine kabisa. Karatasi ikabanduliwa. Hakuna aliyekwenda kumwambia mzee wa watu pole, na mwaka haukuisha akafa. Tangu siku hiyo Bi Tausi aliapa kwamba punje ya serikali haitapita kooni mwake, na jina lake halitakaa kwenye karatasi ya chakula. Wahakiki watatu wamekwenda kumwandikisha. Watatu wote amewapa maji ya kunywa, amewashukuru, amewaonyesha njia.

"Mkono unaokupa leo," huwa anawaambia, "kesho ndio unaokuandika mwizi."

Basi nilikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua. Niandike ukweli, na ubao uleule uliommaliza mume umpokee na mke. Au nidanganye, niseme unga umemwagika, umeliwa na panya, na niwe mmoja wa wale waliomwacha Ramla afe. Maana wao nao walianza kwa kuandika panya.

*

Nilimpigia simu mkuu wangu, Bwana Chiduo. Si mtu mbaya. Ana kipara, ana kisukari, na anajua kanuni kuliko anavyowajua wanawe.

"Mlaji unamjua?" akauliza.

"Namjua."

"Basi andika. Sikudhani, ni wewe uliyefunga pipa la mpwa wa diwani, na mimi nikakusimamia. Leo ni shangazi yako, kalamu imekuwa nzito?"

"Imekuwa nzito."

"Chakula kikienda kwa asiye na jina, kuna mwenye jina atakayekosa. Hiyo sikuitunga mimi. Mpaka kesho saa kumi."

Nilifungua rejesta ya shangazi ili niandike. Mkono ulikataa, kwa hiyo nikafanya kile ambacho watu hufanya wanapokimbia kazi: nikaanza kusoma mambo ya zamani. Usomaji wa mwezi huu, nusu. Miezi mitatu iliyopita, nusu. Kabla ya hapo, nusu. Kabla ya mfungo wa mwaka jana, robo. Kabla ya hapo tena, robo. Na chini yake kulikuwa na maelezo ya mhakiki aliyenitangulia: unga mwingi unabaki pipani.

Nikarudia kusoma. Mjomba Salimu, mume wa shangazi, alifariki wiki chache kabla ya usomaji wa kwanza wa robo. Na mimi, mpwa wake mwenye kazi ya kupima nani anakula, nilikuwa napita kila wiki, nakataa uji, naenda zangu. Nusu ile niliyoiona ni ugonjwa ilikuwa ndiyo nafuu yake baada ya ile robo. Niliona aibu nikiwa peke yangu chumbani.

*

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na mashine au umekuja wewe?"

Alikuwa anapepeta majani kwenye ungo, ameketi kwenye kigoda, mgongo umenyooka. Nyumba yake imefagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga.

"Nimekuja mimi," nikasema. "Lakini mashine iko mfukoni, sitakuficha."

"Huo ni uungwana. Kaa."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanitoka yote kichwani. Nikajikuta nasema, "Mama yangu alimlaani mumeo. Nilikuwepo."

"Najua. Nilikuwa ndani, Isa amenishika mkono nisitoke. Aliniambia, mwache, amefiwa." Akaendelea kupepeta. "Hukuja kwa hilo. Ni unga, sivyo?"

Upande wa pili wa mabua kitu kikaanguka, sufuria nadhani, na sauti ya shangazi ikasema "Astaghafirullahi," maana alikuwa amesimama palepale akisikiliza.

"Pita huku, Mwajabu," Bi Tausi akasema bila kuinua macho. "Usisikilize kama mdaiwa."

Shangazi akazunguka kwa mlango wa mbele, khanga imemwenda upande. "Tausi, wallahi nilitaka tu—"

"Mwajabu, mimi nimezaliwa kwenye uwele. Uwele una pumba, una vumbi, una punje ya mchanga ya kukuvunja jino. Huo wako ni laini kama poda ya mtoto. Kaka yako huko Kiteto analima poda?"

"Yaani ulikuwa unajua?"

"Tangu tonge la kwanza."

"Na kiapo chako?"

Bi Tausi akauweka ungo chini. "Salimu alipokufa nilikuwa nakusikia jikoni. Unapika, unapakua, halafu nasikia unawaita kuku. Kuku wako wakanenepa, wewe ukakonda, nikasema huyu anamfuata mumewe. Halafu ile siku ya mfungo ukanipitishia bakuli. Nikaonja, nikajua, nikataka kulirudisha. Ndipo nikakusikia upande wa pili unasema bismillahi. Mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Nikaelewa kwamba ukinipa, unakula, na nikikataa, hutakula. Nikamwomba Isa anisamehe, nikala."

Shangazi, ambaye hata kwenye msiba wa mumewe alikuwa anagombeza wapishi, akakaa chini kwenye udongo na kulia kwa sauti. Bi Tausi akamsogelea, akamfunika kwa upande wa khanga yake. Mimi nikaangalia kuku. Nilikuwa nawapenda wote wawili kiasi cha kuumwa kifua.

Baada ya muda nikakohoa. "Kesho saa kumi lazima niandike kitu. Na sitaandika uongo."

"Usiandike uongo," alisema Bi Tausi. "Uongo ndio uliomuua Isa."

"Kanuni inasema hivi: kaya ni watu wanaopika chungu kimoja ndani ya ua mmoja. Mkiwa kaya moja, unga mnaokula ni wenu, pipa linaongezwa nusu, na taa inazimika. Lakini chungu kiwe kimoja kweli. Na haya mabua yaondoke."

Shangazi akafuta pua. "Rahisi. Niandike mimi, na Tausi chini yangu."

"Sitaandikwa chini ya mtu," Bi Tausi akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

Nikamweleza shangazi kile ambacho Bi Tausi alikuwa anakijua vizuri kuliko mimi. Orodha za kaya hubandikwa kwenye ubao wa kata. Kila kaya ina mlishaji mmoja, yule ambaye jina lake linaandikwa kwenye pipa, na chini yake wanafuata walishwaji.

"Ubao ule ulimwandika mume wangu mwizi wa chakula," alisema Bi Tausi. "Wameliondoa jina, hawakuweka kitu mahali pake. Nimepita pale miaka yote hii nikitazama tundu za misumari. Wakitaka kuniandika, waandike: Tausi, mjane wa Isa, mlishaji. Hapo nitaweka kidole. Vinginevyo niachieni mlenda wangu."

Nikamtazama shangazi. Pipa lile lilikuwa na jina lake kwa rangi nyekundu, aliloliandika mwenyewe akaliremba na ua pembeni. Lilikuwa haki yake, ushuru wa magunia ya miaka arobaini. Na mtaa mzima ulijua ni pipa la nani. Sasa alikuwa anaombwa asimame mbele ya mtaa huohuo, aandikwe kwamba analishwa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe amemlisha mwaka mzima. Nikaona shingo yake inakakamaa, naujua huo mkakamao, hata mimi ninao.

"Miaka arobaini," akasema taratibu.

"Najua, shangazi."

"Kila gunia."

"Najua."

Akamgeukia Bi Tausi, akamtazama kwa muda mrefu. "Wewe ulimeza kiapo chako kwa ajili yangu," alisema. "Na mimi nitameza jina langu. Andika, Siku. Lakini mlenda napika mimi. Wako, Tausi, Mungu anisamehe, ni mwepesi kama maji ya kunawa."

"Na ugali wako una madonge. Nimevumilia mwaka mzima."

*

Ua tuliubomoa jioni ileile. Mabua yalikuwa makavu, yakawa kuni, na kwa kuni hizo wakapika chungu cha kwanza. Niliwasoma vidole. Bi Tausi alinyoosha chake huku mgongo umenyooka, akafumba macho mpaka kisomo kilipolia. Alama ya pipa la shangazi ilikuwa imejaa mle ndani, nusu kamili, ile iliyokuwa imepotea. Nikaandika. Nikatuma. Taa ikageuka kijani.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Shangazi, unajua—"

"Siruhusiwi, siruhusiwi," akaniigiza, akibana pua.

Bi Tausi alichukua bakuli la buluu, akatia ugali, akatia mlenda juu, akasimama mbele yangu. "Hili lilikuwa linavuka ua," alisema. "Sasa ua haupo, halina pa kwenda. Mimi ndiye mlishaji hapa, hata karatasi inasema. Karibu chakula, mwanangu."

Nilimfikiria Ramla, na mama yangu pale mlangoni, na mzee aliyesema mwache, amefiwa. Nikanawa mikono. Nilikula mpaka nikafuta bakuli kwa kidole, na mlenda kweli ulikuwa mtamu. Nilipoondoka nilikwenda nalo bakuli nyumbani, nikalirudisha kesho yake limejaa nyanya.

Sisi wahakiki husomwa kila Jumatatu asubuhi. Niliweka kidole changu mbele ya Bwana Chiduo, na kisomo kikaona alama isiyo yangu, kikalia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja taa yangu ikawaka njano. Aliitazama, akanitazama mimi, akavuta fomu ya onyo kwa unyonge wa mtu asiyependa anachokifanya.

"Umekula kwa nani?" akauliza.

"Kwa Tausi, mjane wa Isa," nikamwambia. "Mlishaji."

Akaanza kuandika. Nikamwomba aandike jina lote, asifupishe.